Mlengwa Asiyeandikiwa: Uhakiki wa Barua za Maaskofu kuhusu Mkutano wa Kikuyu, 1913–1920

Sehemu hii inahakiki barua na vijitabu vilivyotokana na mkutano wa wamisionari uliofanyika Kikuyu mwezi Juni 1913, katika nchi iliyoitwa wakati huo Himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Wanahistoria wa Kanisa wameyatumia maandishi hayo kama ushahidi: nani alisema nini, lini, na Askofu Mkuu wa Canterbury aliamua vipi. Ni nadra kuyaona yakisomwa kama matini, yaani kazi zenye msemaji, mlengwa, mpangilio wa hoja na wahusika. Yakisomwa hivyo, linajitokeza jambo ambalo usomaji wa kihistoria hulipita. Mwongofu wa Kiafrika ndiye nguzo ya hoja za pande zote mbili za ugomvi huu, lakini hakuna hata andiko moja miongoni mwa yanayohakikiwa hapa lililoelekezwa kwake. Anazungumziwa, hazungumzishwi. Inajengwa hoja hapa kwamba ukimya huo si upungufu wa adabu tu, bali ndio ulioipa fani ya barua hizi umbo lake, na kwamba unapoanza kulegea, mwaka 1920, fani nayo inabadilika.

Mkutano na maandishi yake

Mambo ya tukio lenyewe yanajulikana. Wajumbe wa misheni za Kiprotestanti, zikiwemo CMS, Misheni ya Kanisa la Skoti, Africa Inland Mission na Wamethodisti, walikutana katika kituo cha Waskoti huko Thogoto chini ya uenyekiti wa J. J. Willis, Askofu wa Uganda, wakatunga rasimu ya shirikisho. Msingi wake ulikuwa Maandiko Matakatifu, Kanuni ya Imani ya Mitume na ile ya Nikea, na sakramenti mbili za ubatizo na Meza ya Bwana. Kila misheni ingeheshimu eneo la mwenzake, wahubiri wangealikana, na Mkristo aliye mbali na kanisa lake angepokelewa mezani kwa wengine. Mkutano ulipofungwa, W. G. Peel, Askofu wa Mombasa, aliongoza Ushirika Mtakatifu kwa kufuata Kitabu cha Sala cha Kianglikana, ndani ya kanisa la Waskoti, na wajumbe wasio Waanglikana wakashiriki.

Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, hakuhudhuria. Alikuwa mwanateolojia aliyesoma Oxford, akafika Unguja mwaka 1898 kwa huduma ya Misheni ya Vyuo Vikuu (UMCA), akafundisha katika chuo cha Kiungani, na mwaka 1908 akawekwa wakfu kuwa askofu. Habari za Kikuyu zilipomfikia alimwandikia Askofu Mkuu Randall Davidson, akawashtaki rasmi Peel na Willis kwa kueneza uzushi na kufanya farakano. Kabla ya mwaka kwisha alichapisha London barua ya wazi yenye anwani *Ecclesia Anglicana: For What Does She Stand?* Mwaka 1914 Willis alitetea mkutano wake katika *The Kikuyu Conference*, naye Weston akatoa *The Case Against Kikuyu*. Baraza la Ushauri la Mkutano wa Lambeth lilikaa Julai 1914, na jibu la Davidson likatoka wakati wa Pasaka ya 1915.

Barua kwa mtu wa tatu

Jambo la kwanza la kushangaza katika *Ecclesia Anglicana* ni mlengwa wake. Barua hii, iliyolitikisa Kanisa la Uingereza kwa jina la Kikuyu, haikuandikwa kwa Peel, wala kwa Willis, wala kwa Canterbury. Iliandikwa kwa Edgar Jacob, Askofu wa St Albans, mtu ambaye hakuwa na lolote na Afrika Mashariki. Lililomfanya alengwe ni kwamba alikuwa amemzuia kasisi mmoja kuhudumu katika dayosisi yake kwa sababu ya desturi ya kuwaomba watakatifu.

Uteuzi huu wa mlengwa ndio unaobeba kejeli ya barua nzima. Weston anaweka mambo matatu bega kwa bega. La kwanza ni *Foundations*, kitabu cha insha cha mwaka 1912 kilichotolewa na wanateolojia saba wa Oxford, ambacho kwa maoni yake kililegeza imani juu ya nafsi ya Kristo, na ambacho waandishi wake hawakuadhibiwa. La pili ni Kikuyu, ambako maaskofu wawili walishiriki meza moja na watu wasio na daraja la uaskofu, nao hawakuadhibiwa. La tatu ni yule kasisi wa St Albans, aliyewaomba watakatifu, akafungiwa mlango. Mwandishi hahitaji kusema kwamba mizani imepinda. Mpangilio wenyewe unasema. Swali lililo katika anwani ni swali la balagha ambalo jibu lake limekwisha kutolewa kabla ya ukurasa wa kwanza kusomwa.

Katika Kiswahili swali hilo lingekuwa "Kanisa la Uingereza linasimamia nini?", na hapo kitu kingepotea. Kiingereza cha Weston kinalitaja Kanisa kwa kiwakilishi cha kike, hivyo msomaji wake anamsikia mama akihojiwa na mwanawe. Ngeli ya LI-YA haimzai mama huyo. Mfasiri angelazimika kumleta kwa neno jingine, na akimleta, angekuwa ameweka wazi hisia ambayo Weston aliificha katika sarufi.

Hata hivyo, msomaji wa pwani hatashangazwa na mbinu yenyewe. Kumsema mtu kwa kumpitia mwingine, mbele ya umma, ni jambo linalojulikana sana katika jamii ya Waswahili. Kijembe hurushwa kwa jirani ili kimchome aliye nyuma ya ukuta. Haidaiwi hapa kwamba Weston alijifunza mbinu hiyo Unguja, kwani barua ya wazi ina asili ndefu katika mabishano ya Kanisa la Uingereza. Kinachodaiwa ni kwamba barua ya namna hii daima ina walengwa wawili, aliyetajwa na aliyekusudiwa, na kwamba aliyekusudiwa hapa ni muumini wa Uingereza: yule anayesoma gazeti, anayeichangia misheni fedha na anayemjua mbunge wake. Weston alijua kwamba Davidson angeweza kuizuia kesi. Asingeweza kuwazuia wasomaji.

Mwongofu kama hoja

Kati ya walengwa hao wawili anasimama mtu wa tatu, ambaye si mlengwa bali ni sababu. Weston anadai kwamba Kanisa la Uingereza, likiwa katika hali ya kutojua linaamini nini, halifai kupeleka wamisionari kwa Waislamu na kwa wasioamini. Ni hoja nzito, na uzito wake unatoka kwa Mwafrika. Kama barua ingehusu Oxford, St Albans na Canterbury pekee, ingekuwa ugomvi wa nyumbani. Zanzibar ndiyo inayoifanya kuwa suala la uhai, kwa kuwa huko kanisa kuu la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, limezungukwa na misikiti, na mwalimu Mkristo anayeulizwa swali kuhusu Kristo hana budi kujibu kwa sauti moja. Mwongofu, kwa mujibu wa hoja hii, ni mtu anayehitaji uhakika, na Kanisa lenye sauti tatu linamnyima haki yake.

Willis anamchukua mtu huyohuyo na kumpeleka upande wa pili. Kabla ya kuwa askofu alifanya kazi miongoni mwa watu wa Kavirondo, na aliona njia ambazo Wakristo wapya walikuwa wakizifuata: kutoka kijijini kwenda shambani kwa mlowezi, kutoka eneo la misheni moja hadi eneo la nyingine. Mkristo aliyebatizwa na CMS akajikuta kwenye kazi mahali ambapo kanisa la karibu ni la Waskoti, akanyimwa meza kwa sababu ya mabishano ya Ulaya ya karne ya 16, alikuwa kwa Willis ni kashfa. Naye pia alitazama Uislamu uliokuwa ukienea, akaona kwamba Wakristo waliogawanyika wangeshindwa. Kwa hiyo hofu ni moja, mtu ni mmoja, na hitimisho ni mbili zinazopingana. Kwa Weston mwongofu ataangamia Kanisa likikosa mafundisho thabiti; kwa Willis ataangamia likikosa umoja.

Kwa upande wa fani, Weston anaandika vizuri zaidi. Sentensi zake zina ukali na mwendo, naye anajua pa kusimama. Willis ni mwandishi wa taarifa: anaeleza, anapanga, anarudi nyuma kusahihisha. Lakini mwongofu wa Willis ana miguu. Anatembea, anatafuta kibarua, anafika Jumapili mahali asipojulikana. Mwongofu wa Weston hana mwendo wowote. Ni dhana, ni sikio linalosubiri sauti. Ni ajabu kwamba askofu aliyekijua Kiswahili vyema na aliyeishi kwa ukaribu na watu wake ndiye aliyemwandika Mwafrika kwa ukavu zaidi. Sababu inaonekana kuwa ni fani aliyoichagua. Barua ya wazi inayojengwa juu ya mlingano wa mambo matatu haina nafasi ya mhusika mwenye maisha yake, angeivuruga mizani.

Huenda ikadaiwa kwamba kumtafuta mlengwa Mwafrika katika barua za mwaka 1913 ni kuwadai waandishi jambo lisilowezekana kwa wakati wao. Dai hilo halisimami. Cecil Majaliwa alipewa upadre mwaka 1890, miaka 23 kabla ya mkutano wa Kikuyu. Chuo cha Kiungani, ambako Weston mwenyewe alifundisha, kilikuwa kimekwisha kutoa walimu na makasisi, na katika sinodi ya dayosisi ya Zanzibar makasisi Waafrika waliketi pamoja na Wazungu. Walikuwapo, basi, watu wa Unguja, Magila na Masasi waliofundishwa tofauti kati ya askofu na mzee wa kanisa, tena wengine walifundishwa na mwandishi wa barua hii. Wangeweza kuisoma na kuijadili. Ugomvi juu ya hatima yao ulipigwa chapa London, kwa Kiingereza, na ukajibiwa kwa Kiingereza. Aliyekosekana hakuwa msomaji, ilikosekana anwani.

Shirika, shirikisho, Ushirika

Ugomvi huu ukihamishiwa katika Kiswahili unachukua sura ambayo waandishi wake hawakuiona, au angalau hawakuiandika. Kiini cha mabishano ni uhusiano wa vitu vitatu. Vipo vyombo vilivyokutana, yaani mashirika ya misheni. Lipo jambo walilolitaka, yaani shirikisho. Na lipo tendo walilolifanya mwishoni, yaani Ushirika Mtakatifu. Kwa Kiingereza vitu hivi vina majina matatu yasiyo na undugu, na ndiyo maana mwanasheria wa kanisa aliweza kusema kwa utulivu kwamba moja halihusiani na jingine. Kwa Kiswahili cha leo vyote vitatu vimezaliwa na mzizi mmoja. Anayeshiriki katika shirika anaelekea kwenye shirikisho, na anayeshirikiana kwa muda wa kutosha atauliza kwa nini asipewe Ushirika. Neno hilohilo ndilo linalotumika katika Kanuni ya Imani kwa ajili ya ushirika wa watakatifu, na ndilo lililokuja baadaye kutumika kwa vyama vya wakulima wa kahawa na pamba.

Hapa msomaji anaweza kudhani kwamba Kiswahili kinampa Willis ushindi. Kinampa nusu yake tu, kwa sababu mzizi huo una mtoto mwingine. Katika mji wa Unguja, ambako Kiarabu cha dini husikika msikitini na chuoni, mzizi huohuo huzaa *shirki*, dhambi ya kumshirikisha Mungu na kisichokuwa Mungu, dhambi ambayo Mwislamu humtuhumu nayo Mkristo anapoutaja Utatu. Kwa hiyo neno linalobeba tendo takatifu kuliko yote ya Kanisa linapakana na tuhuma kubwa kuliko zote za jirani. Mahali kama hapo si jambo dogo kusema ni nani ashirikishwe katika nini. Ukali wa Weston, ambao ukisomwa kutoka London unafanana na ukaidi wa mtu wa madaraja, unaonekana tofauti ukisomwa kutoka Mkunazini: ni ukali wa mtu anayeishi ambako kuchanganya ni jina la dhambi.

Shtaka la uzushi nalo linabadilika. Kwa Kiyunani, neno lililozaa istilahi ya Ulaya lilikuwa na maana ya kuchagua, kwa hiyo mzushi ni aliyechagua fungu lake akaacha mengine. Kwa Kiswahili uzushi unatokana na *kuzua*, na mzushi ni mtu anayetunga uongo, anayeleta maneno yasiyokuwapo. Peel na Willis wangeweza kukubali kwamba walichagua. Hakuna awaye yote aliyedhani kwamba walizua. Shtaka lingeandikwa kwa lugha ya dayosisi, Weston angalilazimika ama kulipunguza, ama kueleza ni uongo upi uliotungwa Thogoto. Inawezekana kabisa kwamba lugha hiyo ingemfanya aandike barua ya haki zaidi.

Jibu la Lambeth

Jibu la Davidson halihitaji kukaliwa sana. Alikataa kuwashtaki maaskofu kwa uzushi. Aliona kwamba mhubiri wa kanisa jingine anaweza kualikwa, na kwamba Mkristo wa kanisa jingine aliye mbali na wachungaji wake anaweza kupokelewa. Lakini Waanglikana wasihimizwe kupokea sakramenti kwa wachungaji wasiowekewa mikono na askofu, na ibada kama ile ya kufunga mkutano ni heri isirudiwe. Ni andiko la mtu anayeshusha joto. Utani ulioenea Uingereza ulikuwa kwamba tendo la Kikuyu limempendeza Mungu sana na lisifanyike tena kamwe, na kwa kweli utani huo ni ufupisho mzuri wa mtindo wa jibu lenyewe: kila sentensi inatoa kwa mkono mmoja na kuzuia kwa mwingine. Weston hakuridhika. Mwaka huohuo wa 1915 alitangaza kwamba Zanzibar haina ushirika na John Percival, Askofu wa Hereford, kwa sababu alimpa B. H. Streeter, mhariri wa *Foundations*, cheo katika kanisa lake kuu. Ni muumini gani wa Korogwe aliyejua Hereford iko wapi ni swali ambalo tangazo halikujiuliza.

Kutoka mwongofu hadi mtwana

Vita viliingia kati. Peel alifariki mwaka 1916. Mwaka huohuo Weston aliwaongoza wapagazi wa Zanzibar katika kampeni ya bara, akiwa na cheo cha meja, katika ile kazi ya ubebaji mizigo iliyoacha jina lake Kariakoo ya Dar es Salaam. Baada ya safari hiyo Mwafrika wa maandishi yake hayuko tena kama sikio linalosubiri. Sasa ana mgongo na mabega. Barua yake ya wazi kwa Jenerali Smuts, *The Black Slaves of Prussia*, inaushambulia utawala wa Wajerumani kwa kuwatendea watu kama watumwa. Fani ni ileile ya 1913, lakini hoja haipiti tena kwenye mlingano wa mafundisho. Inapita kwenye mwili wa mtu aliyechapwa kiboko. Kasoro yake iko wazi: ni rahisi kuulaani utumwa wa adui, na Ofisi ya Makoloni ya London haikuwa na sababu ya kuchukizwa.

Kipimo kilikuja Oktoba 1919, serikali ya Gavana Northey huko Nairobi ilipotoa waraka ukiwataka maofisa na machifu "kuwahimiza" Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Willis, R. S. Heywood, aliyekuwa sasa Askofu wa Mombasa, na Dkt. J. W. Arthur wa Misheni ya Skoti walitoa taarifa ya pamoja. Walionya juu ya maonevu, hasa kwa wanawake na watoto, lakini walikubali kwamba shinikizo la namna fulani haliepukiki kwa wakati ule, na wakaona kwamba kulazimisha kwa sheria, kwa mipaka iliyo wazi, ni afadhali kuliko kuhimiza kusiko na mipaka. Taarifa hiyo si ya watu wabaya, na J. H. Oldham aliitumia London kufungua mjadala ambao mwishowe uliilazimisha serikali kubadili sera yake mwaka 1921. Lakini mtindo wake ni mtindo wa Kikuyu: kutafuta msingi ambao pande zote zinaweza kuusaini. Mwongofu wa Willis aliyekuwa akitembea kutafuta kibarua mwaka 1914 sasa anasukumwa kwenye kibarua hicho, na taarifa inajadili asukumwe kiasi gani.

Weston alijibu mwaka 1920 kwa *The Serfs of Great Britain*. Kulazimisha kazi kwa faida ya mtu binafsi kwake hakukuwa suala la mipaka. Kulikuwa kinyume cha maadili ya Kikristo. Wahakiki wengi huwatenga Weston wawili, yule mkaidi wa 1913 na yule mtetezi wa 1920, wakamlaumu wa kwanza na kumsifu wa pili. Matini hazikubali utengano huo. Tabia ni moja: askofu huyu haamini kwamba jambo la msingi linaweza kugawanywa katikati ili watu wakae pamoja. Tabia hiyo ilimfanya awanyime Waskoti meza, na ndiyo iliyomzuia kutia saini yake chini ya kazi ya kulazimishwa. Willis, aliyekuwa na moyo mpana zaidi mezani, moyo huohuo ulimfikisha kwenye maafikiano na Nairobi.

Kilichobadilika ni umbo la mhusika, na linaonekana katika anwani yenyewe. Mwaka 1913 anwani iliuliza Kanisa linasimamia nini, na Mwafrika hakuwamo. Katika barua kwa Smuts alikuwamo, ila akiwa mali ya Prussia. Mwaka 1920 ni mtwana wa Uingereza, na kihusishi hicho kidogo, "wa", kinamfunga moja kwa moja kwa msomaji aliyekishika kijitabu mkononi. Bado haandikiwi yeye. Lakini kwa mara ya kwanza anayeandikiwa anatajwa kuwa ndiye mmiliki, na hawezi kusoma jina la mwingine bila kusoma lake.